JUU YA NYUMBA ZA KUPANGISHA

Siku hizi mapadri na makatekista wanaulizwa neno ambalo hawakufundishwa kulijibu. Mkristu mmoja aliyemaliza kazi ya machimbo anakuja na akiba yake, anasema: «Baba Padri, ninunue lori, ama nijenge nyumba ya kupangisha?» Baraza la parokia linasema: «Tuko na kiwanja kikubwa kando ya barabara, kwa nini tusijenge nyumba ya etaji, tupate makuta ya kuendesha kazi zetu?» Ekonomo wa jimbo anapewa karatasi yenye picha nzuri, anunue apartema mbili katika jengo ambalo halijajengwa bado. Na katekista, jioni, anaitwa kupatanisha mwenye nyumba na mpangaji wanaogombana juu ya garanti.

Misaada kutoka ng'ambo inapungua, nasi lazima tujifunze kujitegemea. Hilo ni jambo jema. Lakini mtu anayejenga bila kujua anajenga deni, na pengine anajenga kwazo. Kwa hiyo tumeona vema kueleza jambo hili kwa utaratibu: nyumba hizi ni za namna gani, kama ni halali kupata mali kwazo, hesabu yake ni ipi, sheria ya nchi na ya Kanisa zinasema nini, na mwisho mpangaji ni nani mbele ya Mungu.

I. NYUMBA HIZI NI ZA NAMNA GANI?

Tutofautishe kwanza mambo mawili ambayo watu huyachanganya.

Namna ya kwanza ni jengo lenye makao mengi, lakini mwenyewe ni mmoja. Yeye anapangisha makao yote, anapokea kodi yote, anatengeneza paa lote. Namna ya pili ni jengo ambalo kila makao yana mwenyewe wake. Waseminari wetu wanaojua Kilatini watafahamu upesi: dominium ni umiliki, con- ni pamoja, condominium ni umiliki wa pamoja. Wabelgiji na Wafaransa husema copropriété. Hapo mtu ananunua apartema yake, iwe yake kabisa. Lakini kiwanja, paa, ngazi, kuta kubwa na shimo la choo ni vya wote, wala havigawanyiki.

Namna ya kwanza ni ya zamani sana. Mji wa Roma ulijaa majengo marefu yaliyoitwa insulae, maana yake visiwa. Matajiri waliyajenga, maskini walikaa juu kabisa, karibu na paa, mahali pa hatari wakati wa moto. Mara nyingi mwenye nyumba hakuonana na wapangaji: alimpa jengo lote mtu wa katikati, naye akapangisha chumba kimoja kimoja kwa faida yake. Tunaona kwamba komisionere si mtu wa jana. Majengo hayo yalianguka mara nyingi, hata Kaisari Augusto akaweka sheria kwamba yasipite futi 70 za Kirumi, yaani metre 21 hivi. Cicero mwenyewe, ambaye Kilatini chake kimetutoa jasho sisi sote, alikuwa na maduka ya kupangisha. Katika barua moja ya mwaka 44 kabla ya Kristu anamwambia rafiki yake Atticus kwamba mawili yameanguka na mengine yana nyufa. Anatania kwamba wapangaji wamehama, na panya pia.

Tena tusisahau mpangaji mkubwa kuliko wote wa mji ule. Mwisho wa kitabu cha Matendo ya Mitume tunasoma kwamba Mtakatifu Paulo alikaa Roma miaka miwili mizima katika nyumba aliyoipanga kwa gharama yake mwenyewe, akipokea wote waliomwendea. Injili ilihubiriwa Roma katika nyumba ya kupanga. Mwenye nyumba ile hatujui jina lake, lakini tunaweza kumshukuru kwamba hakumfukuza.

Namna ya pili ilichelewa. Sheria ya Warumi ilishika neno hili: superficies solo cedit, kinachojengwa juu kinafuata ardhi. Basi mwenye kiwanja ndiye mwenye yote yaliyo juu yake, wala mtu hawezi kuwa mwenye etaji ya tatu peke yake. Lakini mambo ya maisha yaliishinda kanuni. Kodi ya Napoleon ya mwaka 1804, yaani kile kitabu chake cha sheria, ilikuwa na kifungu kimoja, cha 664, juu ya nyumba ambayo etaji zake ni za watu mbalimbali: kuta kubwa na paa watalipa wote, kila mmoja atatengeneza sakafu anayotembea juu yake, kila mmoja atajenga ngazi inayopanda mpaka kwake. Baadaye Wabelgiji walitoa sheria kamili tarehe 8 Julai 1924, nao Wafaransa tarehe 28 Juni 1938, kisha nyingine tarehe 10 Julai 1965.

Kwa nini tunaeleza haya? Kwa sababu anayenunua apartema katika jengo la wengi hanunui kuta nne tu. Ananunua pia majirani wake. Paa likivuja, wa juu atalia, wa chini atasema: «Kwangu ni kukavu.» Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa lazima asome maandiko ya umiliki wa pamoja: kila mmoja analipa sehemu gani ya gharama, mkutano unafanywa lini, kura zinahesabiwa namna gani, sindiki anayesimamia jengo anachaguliwa na nani na anaondolewa na nani. Kama maandiko hayo hayapo, asinunue.

II. JE, NI HALALI KUPOKEA MALI KWA NJIA HII?

Mwanafunzi mmoja alituuliza hivi: «Kanisa lilikataza riba kwa karne nyingi. Mwenye nyumba halimi, hafui chuma, hauzi kitu. Anakaa tu, na kila mwezi anapokea. Je, hiyo si riba?»

Swali ni zuri, na Mtakatifu Tomasi wa Akwino alilijibu katika Summa, sehemu ya pili ya pili, swali la 78. Anatofautisha vitu vya namna mbili. Kuna vitu ambavyo kuvitumia ni kuvimaliza, kama divai na ngano. Ukimpa mtu divai anywe, huwezi kumlipisha divai na tena kumlipisha kunywa kwake, maana ni kitu kimoja. Lakini kuna vitu ambavyo kuvitumia si kuvimaliza, na mfano anaoutoa ni nyumba. Matumizi ya nyumba ni kukaa ndani, si kuibomoa. Kwa hiyo mtu anaweza kumpa mwenzake matumizi na kubaki na umiliki. Anaweza kuomba bei ya matumizi, na siku ya mwisho kurudishiwa nyumba yake.

Basi kodi ya nyumba ni halali kwa asili yake. Lakini tazameni vizuri msingi wa jibu hili, maana ndani yake mna masharti. Kodi ni bei ya matumizi. Kama matumizi hayapo, bei nayo imepoteza haki yake. Mwenye nyumba anayepokea kodi ya chumba ambamo mvua inaingia, choo kimejaa, na ngazi haina mkono wa kushikia, anauza kitu asichokitoa. Torati ilijua jambo hili: katika Kumbukumbu la Sheria, sura ya 22, anayejenga nyumba mpya anaamriwa kuzungushia paa ukingo, mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba. Na wanaojenga etaji wamkumbuke pia Eutiko wa Troa, kijana aliyesinzia dirishani Paulo akihubiri, akaanguka kutoka etaji ya tatu. Paulo alimfufua. Sisi hatuna hakika ya kupata Paulo.

III. HESABU YA MNARA

Bwana wetu alitoa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara: kwanza anaketi na kuhesabu gharama, asije akachekwa na wapita njia. Na tuketi nasi. Tutatumia dolari, kwa kuwa kodi za mjini huhesabiwa mara nyingi hivyo. Bei hizi ni za mfano tu. Kila mmoja aweke za mji wake.

Parokia fulani ina kiwanja. Inataka kujenga jengo la apartema 6, na gharama yote ni dolari 72.000. Kila apartema itapangishwa kwa dolari 150 kwa mwezi. Mwenyekiti wa baraza anasimama na kuhesabu: 150 mara 6 mara 12 ni 10.800 kwa mwaka. «Kabla ya miaka saba jengo limejilipa lenyewe!» Watu wanapiga makofi.

Sasa tuhesabu tena polepole.

Kwanza, hakuna jengo linalojaa siku zote. Mmoja anahama, mwingine anachelewa kulipa, wa tatu anatoroka usiku. Tuseme mwezi mmoja katika 12 unapotea: ni 900. Zinabaki 9.900.

Pili, matengenezo: rangi, vitasa, mabomba, manjanja yanayoezuliwa na upepo. Tuweke 1.200.

Tatu, gharama za wote: mlinzi, umeme wa ngazi, maji ya uani, kuondoa uchafu wa shimo. Tuweke 1.500.

Nne, kodi ya Serikali juu ya mapato ya nyumba. Kwa mfano wetu tuseme 20 kwa mia ya kilichopokelewa: ni 1.980.

Tano, akiba. Paa la leo litazeeka, na pesa ya paa jipya lazima ianze kuwekwa leo. Tuweke 720.

Jumla ya gharama hizi ni 5.400. Ondoeni katika 9.900: zinabaki 4.500. Sasa gawanyeni 72.000 kwa 4.500. Jibu ni miaka 16, si saba.

Hapa kuna neno zito zaidi. Tuseme parokia ina nusu tu ya pesa, na nusu nyingine, 36.000, inakopa benki kwa riba ya 12 kwa mia kwa mwaka. Riba ya mwaka wa kwanza peke yake ni 4.320. Katika zile 4.500 zinabaki 180, na deni lenyewe halijapunguzwa hata franka moja. Benki haingoji. Ndipo watu wanaanza kula akiba ya paa, kisha garanti za wapangaji, kisha sadaka ya Dominika.

Hatusemi kwamba watu wasijenge. Miaka 16 si mibaya kwa jengo lililojengwa imara, ambalo litaendelea kuzaa miaka mingine mingi. Nyumba ina sifa ambayo pesa haina: franka ikianguka, nyumba haianguki nayo. Lakini pia ina udhaifu: haikimbii. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa mlima Nyiragongo uliingia mjini Goma, ukafunika mitaa mizima na Kanisa kuu pia. Aliyekuwa na nyumba kumi katika mtaa mmoja alibaki na mawe meusi. Kwa hiyo asiweke mtu akiba yote mahali pamoja, na mjane asishauriwe kamwe kuuza shamba lake la chakula ili anunue apartema.

IV. SHERIA ZA NCHI

Katika nchi yetu ya Kongo, sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inasema kwamba ardhi yote ni mali ya Serikali, wala Serikali haiwezi kuiuza. Watu wanapata haki ya kuitumia, iitwayo konsesyo. Konsesyo ya daima hupewa mtu, raia wa Kongo. Jimbo, shirika la watawa au kampuni si mtu wa mwili na damu. Kwa hiyo zinapata konsesyo ya kawaida, ambayo muda wake ni miaka 25, nayo inaweza kufanywa upya.

Maekonomo wasikilize hapa. Ukijenga jengo linalojilipa kwa miaka 16 juu ya konsesyo ambayo imebakiza miaka 6, umejenga juu ya mchanga. Kabla ya kumwaga simenti, fungueni sanduku la hati, tazameni tarehe. Tumeona misioni ambazo tangu enzi ya Wazungu hakuna aliyesoma karatasi hizo.

Hati yenyewe ni sertifika ya kuandikishwa, inayotolewa na konservateri wa hati za ardhi. Karatasi ya shefu wa mtaa, au maandiko ya kuuziana mbele ya mashahidi wawili, haitoshi. Anayenunua aende yeye mwenyewe kwa konservateri, aone katika kitabu kama nyumba ni ya yule anayemuuzia, na kama haikuwekwa rehani. Parseli moja kuuzwa mara mbili ni ugonjwa wa miji yetu yote, na dawa yake ni kutazama kabla ya kulipa.

Juu ya kupangisha nyumba za kukaa, tuko na sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015. Katekista ashike hasa neno lake moja: garanti ya nyumba ya kukaa isipite kodi ya miezi 3. Tunajua vizuri kwamba katika miji mikubwa watu wanaombwa 6, hata 10. Desturi hiyo haibadili sheria. Na garanti si mapato. Ni mali ya mpangaji iliyowekwa mikononi mwa mwenye nyumba. Siku ya kutoka, kama hakuna deni wala uharibifu, inarudi. Katika mfano wetu, garanti za apartema 6 ni dolari 2.700. Ziwekwe mahali pake, ziandikwe katika kitabu chake, na asiziguse mtu.

Juu ya kodi ya Serikali, msingi wake ni sheria ya tarehe 10 Februari 1969, na tangu Katiba ya 2006 mapato hayo ni ya mkoa. Kila mmoja aulize mkoani kwake kiwango na siku ya kulipa. Wala asidhani kwamba nyumba ya kupangisha inafanana na nyumba ya sala mbele ya mpokea kodi. Kulipa kodi ya haki ni jambo la dhamiri.

V. SHERIA ZA KANISA

Padri anayepangisha au kujenga akumbuke kwamba hafanyi kwa jina lake. Kitabu cha Sheria za Kanisa cha mwaka 1983 kinatuongoza hivi.

Kanuni 286 inakataza makleri kufanya biashara, wao wenyewe au kwa mkono wa wengine, bila ruhusa ya mamlaka halali. Kanuni 285, fungu la 4, inawakataza kusimamia mali za walei bila ruhusa ya Ordinari wao, na kujifanya wadhamini wa madeni bila kumwuliza kwanza. Padri anayekusanya kodi za nyumba za shemeji yake ajichunguze hapo.

Kanuni 537 inataka kila parokia iwe na baraza la uchumi. Si la kupiga makofi tu. Mambo yanayopita usimamizi wa kawaida, kama mkopo mkubwa au jengo kubwa, yanahitaji ruhusa ya maandishi ya Ordinari. Hivyo yasema kanuni 1281.

Kanuni 1284 ndiyo kioo cha msimamizi mwema. Alinde mali isipotee, na ikihitajiwa aiwekee bima, hakikisho la umiliki alitafute kwa njia ambazo sheria ya nchi inazitambua, riba na deni azilipe kwa wakati wake, vitabu vya mapato na matumizi avitunze sawasawa, kila mwaka atoe hesabu, hati azihifadhi. Mtu akiifuata kanuni hii peke yake, nusu ya taabu zetu zitakwisha.

Na kanuni 1298: mali ya Kanisa isiuzwe wala isipangishwe kwa wasimamizi wake wenyewe, au kwa jamaa zao mpaka daraja la nne, bila ruhusa maalum ya maandishi, isipokuwa kama ni jambo dogo. Watunga sheria walijua kwamba binamu ya paroko hawezi kufukuzwa, wala hawezi kudaiwa.

VI. MFANO WA LONDON

Tusidhani kwamba makosa haya ni ya maparokia maskini tu. Tuseme kweli yote, maana kweli haiharibu Kanisa.

Tangu mwaka 2014 Sekretarieti ya Nchi ya Vatikano iliweka mali nyingi katika jengo moja la London, njia ya Sloane Avenue, lililokuwa zamani ghala la duka kubwa la Harrods. Shabaha ilikuwa kuligeuza kuwa apartema za matajiri. Pesa haikwenda kwenye nyumba moja kwa moja. Ilipita katika mfuko wa watu wa katikati. Mwaka 2018 Vatikano ilitaka kutoka katika mfuko ule na kushika jengo lote. Ikapewa hisa 30.000 katika hisa 31.000 za kampuni iliyolishika jengo. Mtu angesema: sasa nyumba ni yetu. Lakini zile hisa 1.000 zilizobaki mkononi mwa mtu wa katikati ndizo pekee zilizokuwa na haki ya kura. Mwenye elfu moja alikuwa na neno, wenye elfu thelathini hawakuwa nalo. Ikalipwa euro milioni 15 ili atoke. Mwaka 2022 jengo liliuzwa kwa pauni milioni 186, kwa hasara kubwa sana. Na Desemba 2023 tribunali ya Vatikano ikawahukumu watu kadhaa, na kesi ikaendelea kwa rufaa.

Baba Mtakatifu Fransisko hakungoja mwisho wa kesi. Mwezi Desemba 2020 aliiondolea Sekretarieti usimamizi wa mali hizo, akauweka mikononi mwa APSA, ofisi inayosimamia urithi wa Kiti Kitakatifu. Na mwezi Julai 2021 APSA ikachapisha hesabu zake mbele ya wote, mara ya kwanza. Humo tulisoma kwamba wakati ule ilisimamia makao na majengo zaidi ya 4.000 Italia, na zaidi ya 1.100 nchi nyingine. Na sehemu ndogo tu, 14 hivi kwa mia, ilipangishwa kwa bei ya soko. Mengi yalitumiwa na ofisi za Kanisa, au yalipangishwa kwa bei ndogo.

Tunapata mafundisho matatu. La kwanza: usiweke sahihi juu ya karatasi ambayo huwezi kuieleza kwa maneno yako mwenyewe. La pili: kadiri watu wa katikati wanavyozidi, ndivyo mali inavyopungua. La tatu: hesabu inayosomwa mbele ya watu inamlinda hata yule anayeisoma.

VII. MPANGAJI NI JIRANI

Tulipokuwa vikari katika parokia moja ya mjini, parokia ilikuwa na makao manne ya kupangisha. Yalijengwa kwa nia njema, ili kulipa karo za watoto maskini. Pesa za ujenzi hazikutosha, basi garanti za wapangaji zikanunua manjanja ya paa. Hakuna aliyeiba, kila franka ilionekana juu ya nyumba. Lakini mwaka uliofuata mpangaji mmoja alifariki, na mjane wake akataka kurudi kwao na watoto. Akaja ofisini na karatasi yake iliyokunjwa mara nne.

«Baba Padri, ninaomba ile garanti ya marehemu. Ndiyo nauli yetu.»

Tukamwambia angoje. Akangoja mwezi mmoja, kisha wa pili. Mwezi wa tatu tukamwambia kwamba kodi ya miezi hiyo aliyongoja imeanza kuila garanti. Mama yule hakupandisha sauti. Alitutazama, akasema: «Baba Padri, ninyi ndio mliomfundisha mwanangu amri ya saba.»

Katekista wetu, mzee mwenye akili, alikuwa amesimama mlangoni. Hakusema neno. Jioni alikuja na pesa ndani ya bahasha, akiba yake mwenyewe, akaiweka mezani. «Mpeni mama aende,» akasema. «Mimi mtanirudishia mkipata.» Tulipata haya kuliko siku yoyote ya upadri wetu. Hesabu yetu ilikuwa sahihi katika kitabu. Dhambi ilikuwa katika safu moja tu, pale tulipoandika garanti chini ya neno «mapato».

Kwa hiyo tunawashauri wenye nyumba wakristu, na maparokia kwanza, mambo machache. Mapatano yaandikwe, katika lugha ambayo mpangaji anaifahamu, na kila mmoja awe na nakala yake. Kila malipo yapate risiti. Kabla ya mtu kuingia, wote wawili wazunguke nyumba, waandike hali ya kila chumba. Karatasi hiyo itaokoa magomvi mengi siku ya kutoka. Wasikate maji wala umeme ili kumtoa mtu; wasitoe vyombo vyake njiani. Kuna ofisi ya makao na kuna tribunali. Kabla ya hizo, kuna katekista.

Wapangaji nao wana wajibu. Kodi ni deni la haki, si sadaka ya kutoa mtu akipenda. Anayetoroka usiku na deni amevunja amri ileile ya saba, hata kama mwenye nyumba ni tajiri. Na mwenye nyumba si tajiri siku zote: wengi ni wazee ambao kodi ya vyumba viwili ndiyo pensheni yao, maana ile ya kazi haikufika.

Katekista anayeitwa kupatanisha aombe kwanza karatasi, si maneno. Atazame tarehe, kiasi, risiti. Kisha aulize swali moja: kati ya hawa wawili, ni nani atakayelala nje usiku wa leo? Haki iamue juu ya deni. Lakini huruma ipange siku za kulilipa.

Ndugu wapenzi, jengeni ikiwa mmehesabu, ikiwa hati zenu ziko sawa, ikiwa Askofu ameruhusu, na ikiwa garanti zina kitabu chake. Tena wekeni makao mamoja, hata kama ni madogo, kwa yule asiyeweza kulipa bei yote. Mwana wa Mungu alizaliwa nje kwa sababu nyumba ya wageni haikuwa na nafasi. Katika nyumba zetu iwepo nafasi.

Yule katekista tulimrudishia pesa zake baada ya miezi mitano. Alizihesabu polepole mbele yetu, akatoa risiti.